Wiki ya Mbio na Orientiringi Ukiwa na Maumivu Madogo Yasiyoisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mkimbiaji ambaye hajaumia kiasi cha kulala kitandani, wala si mzima kiasi cha kufanya lolote analotaka. Kisigino kinamkaza kila asubuhi, kifundo kilichoteguka msimu uliopita hakijamrudishia imani, na wakati huohuo ana ramani, dira na wiki nzima ya mazoezi mbele yake. Nimeishi katika hali hiyo kwa misimu kadhaa, na msimamo wangu ni kwamba ratiba ya wiki hupangwa kwa jinsi mwili unavyoamka asubuhi, hata kama jana mbioni ulijisikia vizuri sana, na kwamba saa ambazo miguu haiwezi kuzitumia zinapaswa kupewa ramani.

Maumivu madogo ni yapi, na jeraha linaanzia wapi?

Maumivu madogo ni yale unayoweza kuyaonyesha kwa kidole, yanayokuacha ukimbie kwa hatua zako za kawaida, na ambayo yakizidi kidogo leo hutulia kabla ya kesho asubuhi. Jeraha linaanzia pale unapoanza kuchechemea. Anayechechemea amekwisha kuuhamishia mzigo mahali pengine, na goti la kulia linalolalamika wiki ya tatu mara nyingi lilianza kuonewa wiki ya kwanza, wakati kisigino cha kushoto kilipokuwa kikikwepwa. Kwa hiyo sheria ya kwanza haina masharti: ukichechemea, siku hiyo hukimbii, hata kama maumivu yenyewe unayaona kidogo.

Kwa nini orientiringi huumiza kwa namna yake, tofauti na mbio za barabarani?

Mkimbiaji wa barabarani hurudia hatua ileile maelfu ya mara, na madhara yake huja kwa kurudiwarudiwa: muundi, goti, unyayo. Katika orientiringi, ambako mshindani hutafuta vituo vilivyochorwa kwenye ramani kwa kufuata mpangilio na huchagua mwenyewe njia ya kutoka kituo kimoja hadi kingine, karibu kila hatua inatofautiana na iliyotangulia. Udongo wa msituni ni laini na huipunguzia mifupa mtikisiko, jambo ambalo ni faida ya kweli kwa mwenye muundi unaouma. Lakini mizizi, mawe na miteremko ya kukata mshazari hukidai kifundo cha mguu kazi ambayo barabara haikidai kamwe.

Kuna jambo jingine ambalo wakimbiaji wapya hawalihesabu. Macho yakiwa kwenye ramani kwa sekunde mbili tu, mguu unatua mahali ambapo haujapaona. Vifundo vyangu viliteguka mara 2, na mara zote mbili sikuwa kwenye mwendo wa kasi. Nilikuwa nikikimbia taratibu kabisa huku kidole gumba kikiwa kwenye ramani, nikijaribu kujua kama kijibonde kilichokuwa mbele yangu ndicho nilichokuwa nikikitafuta.

Nitajuaje asubuhi kama leo nikimbie au nipumzike?

Upime mwili kabla haujapata joto, kwa sababu mwili wenye joto huficha mambo. Mimi hufanya vipimo 4 visivyozidi dakika 3, tena kwa mpangilio uleule kila siku. Cha kwanza ni zile hatua 10 za mwanzo kutoka kitandani, ambazo huzipa alama kuanzia 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutosikia chochote na 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyawazia. Kinachofuata ni kuchuchumia, yaani kuinua kisigino na kusimama kwa ncha ya mguu, kwa mguu mmoja mara 10, ukipanda na kushuka polepole. Baada ya hapo husimama kwa mguu mmoja, macho yakiwa yamefumbwa, kwa sekunde 20. Mwisho huruka kwa mguu mmoja mara 5, isipokuwa kama kipimo kilichotangulia kimekwisha kunikataza.

Alama 0 hadi 2 humaanisha ratiba inaendelea. Alama 3 humaanisha unakimbia, ila unaondoa kasi na miteremko. Kuanzia 4 hukimbii, unafanya kazi nyingine. Wataalamu wanaotibu kano kwa mazoezi huruhusu maumivu hadi 5 wakati wa mazoezi, mradi yawe yametulia kufikia asubuhi inayofuata, na ruhusa hiyo ina mantiki ukiwa chumbani unafanya kazi ya kano hilo peke yake. Msituni mimi huwa mkali zaidi, kwa sababu huko huwezi kusimamisha zoezi pale unapotaka: ukiwa kilomita 3 kutoka mahali ulipoanzia, bado unatakiwa kurudi kwa miguu hiyohiyo.

Wiki yenyewe inapangwaje?

Hii ni wiki niliyoitumia mara nyingi kisigino cha kushoto kikiwa kinakaza na kifundo cha kulia kikiwa kinapona. Ichukue kama mfano wa mpangilio, kisha uibadilishe kulingana na mahali panapokuuma wewe. Uti wa mgongo wake ni kanuni moja: kano lililobebeshwa mzigo mzito linahitaji takriban saa 36 hadi 48 kabla halijabebeshwa mzito mwingine, kwa maana katika siku ya kwanza baada ya zoezi nyuzi zake huvunjwa kuliko zinavyojengwa, na ujenzi huushinda uvunjaji baadaye.

Jumatatu hakuna kukimbia. Mzigo wa Jumapili bado uko mwilini, kwa hiyo baiskeli kwa dakika 40 kwa gia nyepesi, au kukimbia ndani ya maji marefu bila kugusa chini, hutosha kabisa. Jumanne ni dakika 40 za kukimbia polepole mahali tambarare, na mara tu baada ya hapo ndipo ninapofanya kuchuchumia kwa uzito begani. Wengi hushangaa kwa nini ninaweka kazi mbili za kisigino siku moja. Sababu ni kwamba napenda siku nzito iwe nzito kweli, ili siku ya mapumziko nayo iwe ya mapumziko kweli. Ukizitawanya kazi hizo katika siku mbili, kano halipati nafasi hata moja ya kupumua.

Jumatano miguu hupumzika na kichwa ndicho kinachofanya kazi: saa nzima ya ramani mezani, ambayo nitaieleza mbele, pamoja na dakika 15 za mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja na ya misuli ya nyonga. Alhamisi ndiyo siku ya kasi. Hupasha mwili joto kwa dakika 15, kisha hukimbia kwa nguvu mara 5, kila mara dakika 3, na kati ya moja na nyingine napumzika dakika 2 kwa mwendo wa pole, halafu namalizia na dakika 12 za kutuliza mwili. Jumla yake ni dakika 50. Nazifanya kwenye njia laini ninayoijua, nikiwa na ramani mkononi, na kila kipindi najilazimisha kuamua njia ya kwenda kituo kinachofuata kabla pumzi haijanirudia, kwa sababu mashindanoni uamuzi hufanywa katika hali hiyohiyo.

Ijumaa ni baiskeli au kutofanya kitu. Jumamosi ni dakika 35 za msituni, nusu yake kwa kutembea, vituo vikiwa vingi na vimekaribiana. Jumapili ni mazoezi marefu, dakika 75 msituni kwa mwendo ambao ningeweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema.

Ukijumlisha, ni dakika 200 za miguu. Nikiwa mzima hufikisha karibu 300. Hizo 100 zilizopungua zimechukuliwa na baiskeli, maji na ramani, kwa hiyo moyo na kichwa havijapoteza kitu kikubwa.

Nifanye nini nikiamka siku ya kasi na alama mbaya?

Unaiondoa kasi, wala huisogezi hadi Ijumaa. Kosa la kusogeza ndilo linaloharibu wiki nyingi kuliko kosa lenyewe la kukimbia na maumivu, kwa sababu kasi ya Ijumaa inasukumana na mazoezi marefu ya Jumapili, na Jumatatu unaamka na alama 5. Nakumbuka Alhamisi moja ambayo hatua zangu za kwanza zilipata 4. Kisigino kilikuwa kigumu kama kamba iliyokaushwa juani, na nilishuka ngazi kwa upande, mkono ukutani. Niliutembea mzunguko wa vituo 9 ambao nilikuwa nimeupanga kuukimbia, nikisimama kila mahali ambapo ramani na macho yangu havikukubaliana. Nilirudi nikiwa nimegundua kwamba nilikuwa nikichanganya rangi mbili za kijani za ramani, zile zinazoonyesha ugumu wa kupita msituni, kwa muda wote huo, na ugunduzi huo ulinipunguzia dakika nyingi kuliko ambavyo vipindi 5 vya kasi vingefanya.

Kwa nini nisipumzike tu kabisa hadi maumivu yaishe?

Kwa kifundo kilichoteguka jana au kwa mfupa unaoshukiwa, pumzika. Kwa kano, mapumziko ya muda mrefu hudanganya. Maumivu hupungua kwa sababu hakuna kinachoyachokoza, lakini uwezo wa kano kubeba mzigo nao hupungua, na siku unayorudi unalikuta dhaifu kuliko ulivyoliacha. Kano huimarika kwa kubebeshwa mzigo uliopimwa.

Kisigino changu kinakaza asubuhi na kulegea nikishakimbia kidogo. Ni nini, na nifanyeje?

Hiyo ndiyo tabia ya kano nene linalounganisha kigimbi na mfupa wa kisigino likiwa limechoshwa. Bana nyuma ya kifundo kwa kidole gumba na cha shahada, kisha pandisha mkono polepole. Ukikuta sehemu nene yenye kuuma, sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, tatizo liko katikati ya kano. Ikiwa inauma pale linaposhikana na mfupa, ni tatizo la mwishoni mwa kano, na tofauti hii ina maana kubwa katika tiba.

Tiba iliyozoeleka ya tatizo la katikati ni kuchuchumia. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Sweden pamoja na wenzake walichapisha utaratibu ambao bado unatumika: unasimama ukingoni mwa ngazi, unapanda kwa miguu yote miwili, kisha unashuka polepole kwa mguu unaouma hadi kisigino kipite chini ya ukingo. Hufanywa mara 15 katika awamu 3, goti likiwa limenyooka, kisha awamu nyingine 3 goti likiwa limekunjwa kidogo, mara 2 kwa siku, kwa wiki 12. Hiyo ni mara 180 kwa siku, na kusema kweli wachache humudu nidhamu hiyo. Utaratibu wa uzito mkubwa kwa mwendo wa pole, mara 3 kwa wiki, umeonyesha matokeo yanayolingana nao, na ndio ninaoutumia kwa sababu unaingia vizuri katika wiki ya mkimbiaji, ingawa katika wiki ya mfano hapo juu nimeuweka Jumanne peke yake. Mwenye maumivu ya pale kano linaposhikana na mfupa asishushe kisigino chini ya ukingo. Afanyie sakafuni, kwa sababu kushuka chini hulikandamiza kano dhidi ya mfupa.

Kupanda milima hulivuta kano hili sana. Kwa hiyo usidhani kwamba kupanda polepole ni salama kwa kuwa tu kasi yako ni ndogo.

Kifundo kilichoteguka kinahitaji nini kabla ya kurudi msituni?

Kwanza, uhakika kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Madaktari hutumia kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, ambazo hata mtu wa kawaida anaweza kuzikumbuka zikamsaidia kujua kama aende kupigwa eksirei. Nenda ikiwa hukuweza kutembea hatua 4 mara tu baada ya kuumia na bado huwezi, au ikiwa kubonyeza kunauma juu ya mfupa wenyewe katika sentimita 6 za chini za ukingo wa nyuma wa mfupa uliotokeza upande wowote wa kifundo, hadi kwenye ncha yake. Nenda pia ikiwa panauma ukibonyeza kitako cha mfupa ulio ukingoni mwa unyayo, upande wa kidole kidogo, au mfupa ulio juu ya upinde wa ndani wa unyayo. Maumivu ya kwenye nyama laini iliyo mbele na chini ya mfupa wa nje ndiyo ya kawaida kwa mteguko, maana hapo ndipo kishikizo cha mifupa kinachochanika mara nyingi kuliko vyote kilipo.

Pili, kifundo kinapaswa kufundishwa upya. Uvimbe unapokwisha, watu wengi huona wamepona, ilhali zile hisia zinazouambia ubongo mguu umekaa vipi bado hazijarudi. Ndiyo maana kifundo kilichoteguka mara moja huteguka tena kwa urahisi, na ndiyo maana mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja hupunguza mteguko wa pili. Anza sakafuni macho yakiwa wazi, kisha uyafumbe, kisha simama juu ya mto, na mwisho usimame juu ya mto huku ukiisoma ramani. Hilo la mwisho nililibuni kwa ajili yangu mwenyewe, na silioni kama mchezo: linafanana na kazi ya msituni kuliko zoezi lolote la kawaida, kwa sababu macho yako yana shughuli nyingine na mguu unabaki kujitegemea.

Plasta ya kufungia kifundo au kishikizo cha kitambaa kigumu husaidia kwa aliyewahi kuteguka, nami hukivaa kila ninapotoka nje ya njia. Hakikuzuii kuimarisha kifundo, mradi mazoezi hayo yanafanywa.

Muundi unauma. Nitajuaje kama ni mfupa?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mkimbiaji alijibu kwa uangalifu. Maumivu ya kawaida ya muundi husambaa kwenye ukingo wa ndani wa mfupa kwa urefu wa sentimita 5 au zaidi, na mara nyingi hupungua mwili ukipata joto. Ufa mdogo wa mfupa uliochoka hukaa mahali pamoja, mahali unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole kimoja. Huongezeka kadiri unavyokimbia, huweza kuuma usiku ukiwa umelala, na kuruka kwa mguu mmoja hukufanya ushtuke. Dalili hizo zikikutana, acha kukimbia siku hiyohiyo na umwone daktari, na usiridhike na picha ya eksirei peke yake ikiwa haionyeshi kitu, kwa kuwa katika wiki za mwanzo ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei.

Maumivu kama hayo kwenye kinena au juu ya paja hayapaswi kusubiri hata siku moja, kwa sababu shingo ya mfupa wa paja ikiwa na ufa inaweza kuvunjika kabisa.

Mifupa inayoumia tena na tena huweza kuwa ishara kwamba mwili haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayofanyishwa. Kwa mwanamke, hedhi iliyokoma au iliyovurugika pamoja na maumivu ya mfupa ni jambo la kumweleza daktari waziwazi, hata kama halikuulizwa.

Goti langu linauma nikiteremka tu. Je, niache milima?

Punguza miteremko kwa wiki 2 au 3, usiache kupanda. Wakati wa kuteremka misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ikirefuka, na kifuniko cha goti hubanwa zaidi kuliko wakati mwingine wowote. Njia rahisi ya kulipunguzia mzigo ni kufupisha hatua: ongeza idadi ya hatua zako kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10, bila kuongeza kasi. Anayepiga hatua 160 atafute 168 hadi 176. Utajihisi kama mtu anayedonoadonoa ardhi, na hisia hiyo huisha baada ya siku chache. Ikiwa maumivu yako upande wa nje wa goti na huanza kila mara baada ya dakika zilezile za kukimbia, geuka kabla ya dakika hizo. Ukilazimisha, siku inayofuata yataanza mapema zaidi.

Siku ambazo siwezi kukimbia, nifanye nini na ramani?

Mengi, na hapa ndipo mgonjwa wa orientiringi alipo na bahati kuliko mgonjwa wa mbio za uwanjani. Mshindi wa mbio za msituni mara nyingi ni yule aliyepotea dakika chache kuliko wenzake, na kutopotea hufundishika ukiwa umekaa kwenye kiti.

Chukua ramani ya zamani yenye njia iliyochorwa. Ramani nyingi za msituni huwa na skeli ya 1:15,000 au 1:10,000, na za mbio fupi za mjini 1:4,000, kwa hiyo anza kwa kujikumbusha kwamba sentimita 1 ni mita 150, au 100, au 40. Kwa kila mguu wa safari kati ya vituo viwili, jipe sekunde 20 uchague njia, uiseme kwa sauti, kisha uandike kitu kimoja kikubwa kisichokosekana karibu na kituo ambacho utaanzia kukisogelea, na kitu kingine nyuma ya kituo kitakachokuambia kwamba umepitiliza. Baada ya hapo hesabu mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo sawa. Kwa kawaida kila mstari wa kahawia ni mita 5 za wima, hivyo njia iliyonyooka inayokata mistari 6 inakupandisha mita 30. Mwenye kisigino kibovu ataona mara moja kwamba kuizunguka ile mbavu ya kilima kwa kuambaa na njia ya miguu, hata kama ni mita 200 zaidi, kunamfaa.

Somo la rangi nalo ni la mezani. Nyeupe ni msitu unaokimbilika. Kijani hafifu hukupunguzia mwendo hadi kati ya asilimia 60 na 80 ya kasi yako, kijani cha kati hukushusha hadi kati ya 20 na 60, na kijani kilichokolea chini ya 20. Mtu mzima hukiogopa kijani kwa sababu ya muda. Mwenye kifundo kibovu ana sababu ya pili: ndani ya kijani huoni unapokanyaga.

Mwisho, funika ramani kwa karatasi na uichore kwa kumbukumbu, kituo kimoja baada ya kingine. Mara ya kwanza utachora njia na mito tu. Baada ya majuma kadhaa utajikuta unachora umbo la ardhi, na hapo ndipo msituni unapoanza kuinua macho kutoka kwenye ramani na kuangalia unapoweka mguu, ambayo ndiyo kinga bora ya kifundo ninayoijua.

Je, nimeze dawa za maumivu ili nimalize mazoezi?

Hapana. Ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zake hunyamazisha taarifa pekee uliyonayo, na zikitumiwa huku mwili umeishiwa maji kwa mbio ndefu zinaweza kuziumiza figo. Ikiwa unazihitaji ili ukimbie, basi siku hiyo si ya kukimbia.

Na barafu?

Inatuliza maumivu, basi. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza mwaka 1978 ushauri wa kupumzika, kuweka barafu, kufunga na kuinua mguu, baadaye alisema mwenyewe kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Mimi huiweka dakika 10 siku ya mteguko ili niweze kulala, na sirudii baada ya siku ya pili.

Viatu vina mchango gani?

Viatu vya njumu vya msituni hushika matope na mawe yenye unyevu vizuri, lakini vingi vina soli nyembamba na kisigino kifupi, jambo linalolivuta kano la kisigino zaidi. Nikiwa na kisigino kinachokaza, huingiza kipande cha kunyanyua kisigino kwa milimita chache, tena katika viatu vyote viwili ili nyonga zisiende upande, na mazoezi ya Jumanne huyafanya kwa viatu vya kawaida vya mbio. Usivae njumu kwenye lami hata kwa nusu kilomita ya kufika msituni, zibebe mkononi.

Kuna mashindano Jumapili. Nishiriki?

Tazama aina ya mbio kwanza. Mbio fupi za mjini huchukua dakika 12 hadi 15 kwa mshindi, lakini zina kona kali, ngazi na ardhi ngumu, kwa hiyo si nyepesi kwa kano kama muda wake unavyodokeza. Mbio ndefu za msituni humchukua mshindi zaidi ya saa nzima. Katika kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Orientiringi, jumla ya kupanda kwa kawaida haipaswi kuzidi asilimia 4 ya urefu wa njia fupi yenye busara, kwa hiyo njia ya kilomita 8 inaweza kukupandisha hadi mita 320. Linganisha namba hiyo na ulichokipanda katika wiki 3 zilizopita. Kama hujafika hata nusu yake katika zoezi moja, omba kuhamia njia fupi zaidi. Waandaaji wengi huruhusu wakiambiwa mapema.

Ukiamua kushiriki, amua pia nyumbani, kabla ya kuanza, ni alama gani ya maumivu itakayokutoa mbioni, maana ukishaingia msituni na kuona mtu mbele yako hutaamua vizuri. Ukijitoa, lazima upite kwenye mstari wa kumalizia na kuripoti, vinginevyo watu wataingia msituni kukutafuta.

Niandike nini kwenye daftari la mazoezi?

Alama ya asubuhi, dakika za miguu, mita za kupanda, na sentensi moja. Siku 14 za namba hizo zitakuonyesha kinachokuumiza kweli. Kwangu mimi zilionyesha kwamba kisigino hakikuwa kikilalamikia kasi ya Alhamisi, kama nilivyoamini kwa mwaka mzima, bali mita za kupanda za Jumapili.

Nirudi lini kwenye ratiba kamili, na nianze na nini?

Subiri wiki 2 mfululizo za asubuhi zenye alama 0 au 1, na uweze kuchuchumia kwa mguu unaouma mara nyingi sawa na ule mzima. 25 ni lengo zuri. Kisha rudisha kitu kimoja kwa wakati. Anza na dakika za kukimbia mahali tambarare, na kila ongezeko ulikalie wiki nzima kabla ya jingine. Ile kanuni ya kutozidisha asilimia 10 kwa wiki ichukue kama kikumbusho tu, kwa sababu haina uthibitisho wa kuifanya sheria, na kuongeza asilimia 10 ya dakika 200 ni tofauti kabisa na kuongeza asilimia 10 ya mita za kuteremka. Baada ya dakika rudisha kupanda, kisha kuteremka, kisha kasi kwenye njia laini, kisha kasi nje ya njia. Mazoezi ya usiku yawe ya mwisho kabisa: mwanga wa taa ya kichwani hutoka karibu na macho yako, vivuli vya mizizi hujificha nyuma ya mizizi yenyewe, na ardhi yenye mashimo huonekana kama zulia.